Mvua ya kwanza isikuharakishe

Ndugu zangu wakulima wa Dodoma, msimu wetu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ya kwanza inaweza kunyesha kisha ikakata wiki mbili. Kabla ya kupanda, chimba kwa jembe urefu wa kalamu, chota udongo wa chini, ufinye. Ukishikamana, panda. Ukimwagika vidoleni kama unga, subiri. Mimi nauamini mkono kuliko wingu.

Matuta yakate mteremko, na kila baada ya hatua mbili ziba mfereji kwa kijituta, maji yatuame shambani badala ya kukimbilia korongoni. Jua la Februari likija, mtama utakuwa bado na unyevu mizizini. Mahindi, kwa kweli, yapunguzeni.