Anza na karai: kuzoea maji Nairobi kabla ya kujitolea ufuoni

Mimi ni kondakta, ruti ya Thika Road. Hadi nafika miaka 33, maji mengi niliyowahi kuingia yalinifika magotini. Siku hizi kila Disemba napanda treni Syokimau, nashuka Mombasa, najitolea wiki mbili na waokoaji wa ufuo wa Jomo Kenyatta, ule ambao kila mtu anauita Pirates. Watu wa steji huniuliza nilianzaje. Nilianza na karai.

Karai la kufulia, sebuleni, mlango umefungwa watoto wasinicheke. Jaza maji ya uvuguvugu, vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso hadi masikioni, kisha toa hewa polepole puani ukivuma "mmm". Pua inayovuma haiingii maji. Mwoga hubana pumzi, na akiinuka hapati nafasi ya hewa mpya kwa sababu ile ya zamani bado imemjaa kifuani. Siku ya kwanza nilihesabu hadi tatu nikaruka. Rudia kila usiku mpaka ufike kumi na tano, macho wazi.

Bwawani nenda Jumatatu asubuhi, hakuna watu. Kama ni Julai, usijirushe: Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na maji ya bwawa lisilopashwa moto yatakufanya utwete hata kama huogopi. Lowesha shingo na uso kwanza. Kaa pale maji yanapokufika kifuani, lala chali, masikio ndani ya maji, kidevu juu, kiuno usikiache kikining'inia.

Sasa jifunze kusimama. Vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, kichwa kije mbele, ndipo ushushe miguu. Fanya mara hamsini kabla hujafundishwa mtindo wowote wa kuogelea. Wengi hatuogopi kuelea, tunaogopa kutojua njia ya kurudi. Mwalimu wangu wa kwanza hakulijua hilo. Alinisukuma penye kina ati nitajua mwenyewe mbele kwa mbele. Nilikaa miezi mitatu bila kukanyaga bwawa. Ukikutana na wa aina hiyo, dai pesa zako.

Mitindo yenyewe ni mazoezi tu. Mimi nilijiwekea mita 400 bila kupumzika, yaani mara 16 kwa bwawa la mita 25, na dakika kumi za kukaa wima bila kugusa chini. Kisha kasome huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance wanafundisha. Aliyezama asiyepumua huanziwa na pumzi za mdomo, kwa kuwa alichokosa ni hewa, halafu kifua: mibonyezo 30, pumzi 2, kifua kizame sentimita 5 au zaidi kidogo, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika.

Bahari nayo ina tabia zake. Chumvi itakubeba vizuri kuliko bwawa, mpaka ukutane na mkondo unaokupeleka nje. Usishindane nao: elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi uachiliwe. Waulize wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.

Sehemu kubwa ya zamu ni kukaa na kutazama, na hapo ukondakta ulinifaa. Anayekufa maji kwa kawaida hapigi kelele. Kichwa kimeenda nyuma, mdomo unazama na kuibuka, nywele usoni na hazipangusi, mikono inasukuma maji kando, miguu haimsogezi popote. Ukimwita hajibu. Kwa hivyo hesabu vichwa, kama abiria, kikundi kwa kikundi.

Na usimwendee mikono mitupu. Mfa maji haachi kutapatapa, na atakachokishika ni shingo yako. Kama boya la uokoaji haliko karibu, chukua mtungi wa plastiki wa lita 20, acha maji kidogo ndani upate uzito wa kurusha, funga kifuniko sawasawa, funga kamba. Urushe umpite, kisha uvute umfikie mikononi.

Disemba iliyopita nilikuwa na wavulana watano wa fulana za manjano. Nikageuka kumjibu mama aliyeuliza choo, niliporudisha macho walikuwa wanne. Filimbi. Wenzangu wawili wakaingia na boya, mimi nikawashika wale wanne mmoja mmoja: mmemwona wapi mara ya mwisho? Mdogo wao akanyoosha kidole nyuma yangu. Wa tano alikuwa kwa muuza viazi karai, mdomo umejaa, anadai chenji.

Nikapuliza filimbi ya kuwarudisha wenzangu, nikaanza kuhesabu upya.