Namna ya kuufuata mwali wa mwanga kwenye kioo na kwenye karatasi

Nimefundisha fizikia muda mrefu, na somo la mwanga kuakisiwa bado ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa sababu ukweli wake unachorwa mezani kwa penseli. Usianze kwa kukariri kanuni. Anza kwa kuuona mwali ukigeuka.

Tafuta kioo bapa kidogo, tochi, karatasi nyeupe, rula, kipimapembe na kipande cha boksi gumu. Kata mwanya wa milimita 1 au 2 kwenye boksi, kuanzia ukingo wa chini, ulisimamishe mbele ya tochi kisha uzime taa. Mwali mwembamba utatambaa juu ya karatasi. Ukiona unatanuka mno, rudisha tochi nyuma.

Chora mstari mmoja, kisha mwingine unaoukata kwa nyuzi 90. Huu wa pili, yaani mstari wa wima, uuheshimu sana: pembe zote hupimwa kutoka kwake, si kutoka kwenye uso wa kioo. Anayepima kutoka kwenye kioo naye hupata pembe mbili zilizo sawa, ndiyo maana haoni kosa lake. Ila akifika kwenye vioo vilivyopinda, au mwanga unaopenya majini, hesabu zinaenda mrama.

Sasa simamisha kioo kwenye mstari wa kwanza. Kitazame vizuri ubavuni: utando wa fedha au alumini unaorudisha mwanga umepakwa mgongoni, nyuma ya glasi. Kwa hiyo mgongo wa kioo ndio ukae juu ya mstari, si uso wake.

Elekeza mwali pale mistari inapokutana. Tia nukta mbili kwenye mwali unaoingia na mbili kwenye unaotoka, ondoa kioo, unganisha nukta, pima. Ukiingia kwa nyuzi 30, unatoka kwa 30. Ukiingia kwa 50, unatoka kwa 50. Ukikosea nyuzi moja hivi, ni unene wa mwali tu. Kisha rudisha kioo na ukizungushe nyuzi 10 bila kugusa tochi. Mwali unaotoka utahama nyuzi 20, kwa kuwa pembe ya kuingia imebadilika kwa 10 na ya kutoka nayo kwa 10. Usiipite hatua hii haraka. Ndiyo inayoonyesha kama umeelewa.

Tuje kwenye karatasi. Laza kioo juu yake gizani, uvimulike vyote viwili kutoka juu, na utazame kwa kando. Karatasi inang'aa, kioo ni cheusi. Wengi hutarajia kinyume! Ibn al-Haytham, mwanasayansi aliyefariki karibu mwaka 1040, alifafanua kwamba tunaona vitu kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu hivyo na kuingia machoni. Kioo kimeurudisha mwanga wako karibu wote juu ulikotoka, na jicho lililo kando halipati kitu. Karatasi ina nyuzinyuzi zilizolala ovyo. Mwanga unazigonga, unapenya kati yake na kudunda huku na huko, hata unatoka kila upande. Kila uso mdogo wa unyuzi unatii kanuni ileile uliyoipima. Mistari ya wima ya nyuso hizo ndiyo imeelekea kila mahali.

Kunja kipande cha karatasi ya alumini mkononi kisha ukikunjue, utaona hali ya katikati: vioo vidogo vingi, kila kimoja na upande wake.

Tahadhari moja: usifanye majaribio haya kwa jua wala kwa leza. Macho hayana akiba.

Ukishaelewa, itumie kanuni unaposoma. Kurasa za kung'aa hukera macho kwa sababu sehemu ya mwanga wa taa inarudi kama kwenye kioo. Laza kioo kidogo juu ya ukurasa, ukae kama unavyokaa siku zote. Ukiiona taa ndani ya kioo, taa hiyo ndiyo inayokusumbua. Isogeze kando, bila kubadili ulivyokaa, mpaka itoweke kabisa kwenye kioo. Fanya hivyo kwenye pembe zote nne za ukurasa, kisha ondoa kioo usome.