Kuweka Debian mpya kwenye Power Mac G4 ya mwaka 2002

Mashine ninayoielezea hapa ni Power Mac G4, kompyuta ya mezani ya Apple, yenye milango ya diski inayong'aa kama kioo, toleo la Agosti 2002. Ina prosesa mbili za gigahezi 1, kadi ya video ya Radeon 9000 Pro, na haipokei RAM zaidi ya GB 2. Niliikuta stoo ya kiwanda kidogo cha uchapaji, imefunikwa gunia, baada ya kupanga kurasa za kalenda na kadi za harusi kwa miaka mingi. Mfumo wa mwisho wa Apple unaokubali prosesa za PowerPC, jamii iliyomo ndani ya mashine hii, ni Mac OS X 10.5 wa mwaka 2007, kwa hiyo ukiiwasha na mfumo wake wa zamani, tovuti nyingi za leo zinagoma kufunguka. Ndiyo maana naiwekea Debian, mfumo huria wa jamii ya Linux. Chuma chenyewe ni kizima. Vuta kile kipete cha ubavuni uone: mlango mzima unalala mezani na ubao mama wote uko mbele yako, bila kufungua skrubu hata moja. Siku hizi hawatengenezi hivi.

Karibu kila anayeniletea mashine ya namna hii akisema imemshinda, huwa amekwama kwenye saa au kwenye kadi ya video. Hayo mawili nitayakalia. Mengine ni mepesi.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kuchomeka umeme

Angalia nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme. Baadhi ya Mac za zama hizo zilizotoka Marekani zina swichi ya volti. Ukiikuta, hakikisha iko kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka ukutani huku kwetu, pawasapulai inaungua papo hapo.

Puliza vumbi. Kisha toa betri ya ubao mama. Ni fupi, nusu ya urefu wa betri ya AA, lakini ni ya lithiamu yenye volti 3.6. Usikubali kuuziwa ya volti 1.5 kwa sababu tu imeenea. Betri hii ndiyo inayoshika saa, na saa ya Mac huhesabu kuanzia Januari 1, 1904. Betri ikifa, mashine inaamka ikidhani iko huko.

Diski ya zamani iweke pembeni, usiifute, tutaihitaji mwishoni. Mimi hufunga SSD ndogo ya GB 120 kwa adapta ya kutoka IDE (soketi ya diski ya zamani) kwenda SATA (ya siku hizi). Kwa G4 za kabla ya mwaka 2002 usizidishe GB 128, maana nyingi hazioni zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Pakua toleo sahihi

Debian iliacha kutoa powerpc rasmi kuanzia toleo la 9, mwaka 2017. Watu wa kujitolea wanaiendeleza mpaka leo chini ya mradi wa Debian Ports. Ingia cdimage.debian.org, fungua folda ya cdimage kisha ports, chukua faili ya NETINST (ya kusakinisha kupitia mtandao) yenye neno powerpc. Usichukue ppc64el. Hiyo ni ya seva mpya za IBM na haitawaka kwenye G4 wala G5.

Ichome kwenye CD au DVD kwa mwendo wa chini kabisa, kwa sababu macho ya diski za mwaka 2002 yamechoka. Fleshi unaweza kuijaribu, ila matundu ya USB ya mashine hii ni ya 1.1 na utasubiri sana.

Hatua ya 3: Kuwasha kutoka kwenye CD

Washa huku umeshikilia herufi C. Ikikataa, zima, washa tena ukishikilia Command, Option, O na F kwa pamoja. Kwa kibodi ya kawaida, Command ni kitufe cha Windows na Option ni Alt. Utaingia Open Firmware, programu ya ndani inayoiamsha Mac kabla ya mfumo wowote: skrini nyeupe yenye alama ya 0 >. Andika:

boot cd:,\\:tbxi

Ukitaka kutoa CD andika eject cd, ukitaka kuzima andika shut-down.

Hatua ya 4: Saa kwanza

Kisakinishi kikishawaka, usikimbilie mtandao. Bonyeza Alt na F2, kisha Enter, upate terminali, uandike tarehe ya siku hiyo:

date -s "2025-06-01 10:15"

Rudi kwa Alt na F1. Sababu ni hii: kila faili ya orodha ya vifurushi (programu za Debian zilizofungwa tayari kusakinishwa) imetiwa sahihi yenye tarehe. Mashine ikiwa bado mwaka 1904, inaona sahihi imetoka siku zijazo, inaikataa. Ujumbe unaotokea hautaji saa. Unasema tu kwamba vifurushi havikupatikana au havikuthibitishwa, nawe unaanza kuulaumu mtandao. Nilipoteza jioni nzima kubadilisha waya na rauta kabla sijaandika date na kuona mwaka.

Kwa mtandao tumia waya. Kadi ya AirPort ya asili ni ya Mbps 11, na ulinzi wa WiFi wa siku hizi haiujui.

Hatua ya 5: Kugawa diski

Chagua njia ya kuongozwa, diski nzima. Kisakinishi kitatenga kisehemu kidogo cha aina ya HFS, mpangilio wa diski wa Mac, kwa ajili ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Usikifute hata kama kinaonekana hakina kazi, maana Open Firmware haijui kusoma ext4, mpangilio wa diski wa Linux. Inasoma hicho tu.

Kwenye orodha ya programu za kuweka, ondoa alama kwenye mazingira yote ya mezani. Bakiza SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida.

Hatua ya 6: Kadi ya video

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mashine inamaliza kusakinisha vizuri, inawaka upya, maandishi yanapita, halafu skrini inaganda au inakuwa nyeusi. Mfumo haujafa. Ukiwa na kompyuta nyingine, ingia kwa SSH utaukuta unapumua.

Kuna mambo mawili. La kwanza, dereva ya radeon inahitaji faili ya firmware (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe) ambayo haimo kwenye CD. Kwenye kompyuta nyingine pakua kifurushi cha firmware-amd-graphics kutoka hifadhi kuu ya Debian. Kifurushi hicho hakichagui aina ya prosesa, kwa hiyo kinakubali hapa pia. Kisakinishe kwa dpkg -i, kisha:

update-initramfs -u

La pili, mawasiliano ya AGP (njia inayounganisha kadi ya video na ubao mama) kwenye Mac hizi yana tabia ya kukwama. Yazime. Fungua /etc/default/grub, na mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT usomeke hivi:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="radeon.agpmode=-1"

Maliza kwa update-grub, uwashe upya. Usitegemee michoro ya 3D, kwa kuwa dereva ya r200, ya jamii ya kadi hii, iliondolewa mwaka 2022 kwenye Mesa, maktaba ya michoro ya Linux. Madirisha ya kawaida yanakwenda vizuri tu.

Hatua ya 7: Prosesa ya pili na feni

Andika nproc. Ikijibu 1 wakati una prosesa mbili, umepewa kerneli (kiini cha mfumo) ya prosesa moja. Weka nyingine:

apt install linux-image-powerpc-smp

Feni za mashine hii zina makelele yaliyojulikana tangu ilipotoka. Moduli, yaani kipande cha kerneli, inayozitawala ni therm_windtunnel. Itafute kwa lsmod, isipokuwepo iongeze jina lake kwenye /etc/modules. Kwa wenye Power Mac G5, moduli ni za jamii ya windfarm, na bila hizo feni zote hupiga kwa nguvu ya mwisho. Na kama G5 yako ni ile inayopozwa kwa maji, ifungue ukague uvujaji kabla hujaiwasha hata mara moja.

Hatua ya 8: Hifadhi za vifurushi

Ndani ya /etc/apt/sources.list iwemo mistari hii miwili:

deb http://deb.debian.org/debian-ports sid main
deb http://deb.debian.org/debian-ports unreleased main

Ufunguo wa sahihi za hifadhi hii hubadilishwa kila mwaka. Ukiiacha mashine muda mrefu, apt, programu inayosakinisha vifurushi, itakataa. Dawa yake ni kupakua kifurushi kipya cha debian-ports-archive-keyring na kukiweka kwa dpkg -i. Na kila unaposasisha, soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kukubali. Vifurushi vya powerpc hujengwa kwa kuchelewa, na wakati mwingine nusu moja ya programu imefika na nyingine bado. Apt ikitaka kuondoa vitu ishirini, kataa, rudi baada ya siku chache.

Hatua ya 9: Vitu vya kutumia

apt install --no-install-recommends xserver-xorg xinit icewm xterm zram-tools

Anzisha kwa startx. Zram-tools inabana kumbukumbu ili GB 2 zifike mbali. Kwa kuvinjari mimi hutumia links2 na netsurf-gtk. Kivinjari kikubwa kama Firefox usikitegemee. G4 huandika namba ikianzia baiti kubwa: 1 ni 00 00 00 01, wakati kompyuta za kawaida huandika 01 00 00 00. Mwandishi wa programu asipolikumbuka hilo, mambo yanageuka. Ukiona picha ambayo uso wa mtu una rangi ya bluu na anga ni ya machungwa, macho yako ni mazima. Ni baiti za rangi zimesomwa kinyume.

Hatua ya 10: Ile diski ya zamani

Sasa irudishe, itazame kwa lsblk -f, utafute sehemu ya hfsplus, mpangilio wa diski wa Mac OS X. Kama ni sdb3:

mount -t hfsplus -o ro /dev/sdb3 /mnt

Herufi ro zinaizuia kuandikwa, zisisahaulike. Kisha nakili:

rsync -av /mnt/ /srv/zamani/

Mzee mwenye kiwanda alikuwa ameshakubali kwamba kazi zake za kuanzia 2003 zimepotea. Nilipomaliza kunakili nikaweka Samba, programu ya kugawana mafaili kwenye mtandao, akafungua folda kutoka kwenye laptopu ya mwanawe, akaanza kutaja majina ya maharusi mmoja mmoja. Mashine hiyo sasa inakaa chini ya meza yake, imeunganishwa na UPS, inahifadhi mafaili ya duka zima.