Mteja akifoka dirishani: somo kwa watoa dawa wa Mtwara na Lindi

Somo hili nimewaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye maduka ya dawa huku kwetu. Chuoni mmefundishwa dozi na makundi ya dawa. Kumwambia "dawa imeisha" mama aliyepanda bodaboda toka Nanguruwe na mtoto anachemka mgongoni, hilo hamkufundishwa.

Hatua ya 1: Salamu kwanza. Weka simu chini, inuka, mwamkie. Mzee wa huku akifika dirishani ukaanza na "unataka nini?" badala ya shikamoo, hata ukimpa dawa sahihi kwa bei nzuri ataondoka na kinyongo. Kijana mwenzako naye salamu inamtosha, usimfanyie uchangamfu wa kuigiza.

Hatua ya 2: Mwache amalize. Usimkatize, usimcheke, usimgeukie mwenzako mkakonyezana.

Hatua ya 3: Tafuta kinachomuuma. Mara nyingi ni bei, hofu, au aibu. Bei utaijua haraka, hasa miezi ya kabla ya minada ya korosho, watu wamekauka na fedha ziko bado mtini. Mwenye kadi ya bima mhakikie kadi kabla hujaanza kuhesabu vidonge. Ukishamfungashia kisha ukamwambia dawa hii bima hailipi, ugomvi umeuanzisha wewe.

Aibu ndiyo wengi hawaioni. Kijana anakuja mkali, "nipe dawa ya kuwashwa, fasta!", ukimuuliza swali moja anawaka. Nyuma yake amesimama jirani wa mama yake! Msogeze pembeni ya kaunta, shusha sauti, mpe karatasi aandike. Dawa za magonjwa ya zinaa, P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba), kondomu: usizitaje kwa sauti ya mnadani. Ukali utashuka wenyewe.

Hatua ya 4: Kataa, lakini mwonyeshe pa kwenda. Hapa ndipo penye kazi. Mfano wa kila wiki: mtu mzima anataka nusu ya mseto, dawa ya malaria. Dozi yake ni vidonge 24, vinne kwa mara, mara sita ndani ya siku tatu, na ile mara ya pili ni masaa nane baada ya ya kwanza. Yeye anataka 12, "zikinisaidia nitarudi." Ukijibu "haturuhusiwi" umemkaribisha kwenye ubishi, maana atakwambia duka la pili wanauza. Mimi husema hivi:

"Kaka, umepima?"
"Nijipime nini, malaria naijua."
"Homa zinafanana. Kapime zahanati kwanza, usije ukanunua mseto bure. Ikiwa ni malaria, nusu hii itakupa nafuu leo, halafu wadudu waliobaki watakurudia. Sasa hivi chukua paracetamol ya homa, hela ya mseto ibaki mfukoni mpaka upate majibu."

Angalia, hajatoka mikono mitupu, na hela yake umeihurumia kabla ya kuitaka. Ila mwenye homa akiwa ni mtoto mchanga, mjamzito, au anayetapika kila kitu, hakuna cha paracetamol na maongezi. Aende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Antibiotiki kwa mafua ni njia ile ile: mweleze kuwa mafua ni ya virusi, mwambie dalili za kumrudisha, kama kupumua kwa shida. Diazepam, dawa ya usingizi, bila cheti cha daktari sitoi, na hapo sirefushi maneno. Nikieleza sana anaona kuna nafasi ya kunishawishi.

Hatua ya 5: Dawa iliyorudishwa hairudi rafu. Hujui ilikaa wapi, pengine juu ya bati lenye jua la Masasi. Mwambie hivyo hivyo. Kama kosa ni la dukani, mrekebishie bila kumzungusha.

Akianza kutukana au kupiga kaunta, somo limeisha: funga mlango wa ndani, ita watu, andika tukio kwenye daftari.

Maswali ya watoa dawa

*Swali (Tandahimba): Bosi ananiambia niwauzie rafiki zake dawa za cheti bila cheti. Nikikataa, mteja anampigia simu palepale. Nifanyeje?*

Jibu: Ongea na bosi jioni, duka likiwa tupu, si mbele ya rafiki yake. Mkumbushe kwamba wakaguzi wakija, leseni yake na usajili wako vyote viko mezani. Akishikilia, anza kutafuta kazi kwingine, mdogo wangu. Mshahara wa duka haulipii usajili uliofutwa.

*Swali (Lindi mjini): Mteja anasema nimempa feki kwa sababu boksi si lile la mwezi jana.*

Jibu: Mwonyeshe jina la dawa lililoandikwa chini ya jina la kampuni, nguvu yake, na tarehe ya kuisha. Panadol na paracetamol ya kampuni nyingine ni dawa ile ile. Ila ukiona kweli maandishi yamefutika au vidonge vimebadilika rangi, usitetee duka. Itoe rafuni, mpigie mfamasia wa wilaya.

*Swali (Kilwa): Mlevi wa usiku?*

Jibu: Muuzie kupitia nondo, usibishane. Akitaka Flagyl, mwambie asiinywe na pombe, na kwa kuwa leo hatakumbuka, iandike juu ya pakiti.

*Swali (Newala): Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho wanakuja macho mekundu, wanagomba waruhusiwe kutumia matone ya mwaka jana waliyobakiza, "mbona yaleyale?"*

Jibu: Kabla ya matone, maji. Aoshe macho kwa maji safi mengi, dakika 15 hivi. Matone mengi yakishafunguliwa mwisho wake ni wiki nne, kwa hiyo ya mwaka jana ayatupe hata kama chupa imejaa. Akiona ukungu, au maumivu hayapungui baada ya kuosha, usimuuzie chochote, aende hospitali. Na mwenye mashine ya kupulizia mkumbushe miwani na barakoa, maana kesho anarudi shambani.