Jinsi ya Kujenga Jina na Jumuiya ya Wasomaji Wako, Hatua kwa Hatua

Kwa miaka tisa sasa naandika mtandaoni kuhusu ushonaji: kuchukua vipimo, kukata kitambaa, kutia zipu isiyoonekana, kutuliza cherehani inayokata uzi. Mwaka wa kwanza niliandika makala zaidi ya 60, na karibu hakuna aliyerudi kusoma ya pili. Watu walifika, wakachukua walichokuja kukichukua, wakaenda zao. Nikadhani dawa ni kuandika zaidi. Kumbe shida ilikuwa kwamba simfahamu hata msomaji mmoja, na wao hawanifahamu mimi.

Mambo yalibadilika nilipoanza kujibu watu kwa moyo wote, mmoja baada ya mwingine. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya kesho. Ukitaka wafuasi 10,000 mwezi ujao, hautakusaidia. Ukitaka watu 100 ambao wakiona jina lako wanaketi kusoma, endelea.

Hatua ya 1: Andika ahadi yako kwa sentensi moja

Wengi huanza na nembo na rangi. Viache kwanza. Jina lako mbele za watu ni lile wanalolitarajia kila wanapoliona, kwa hiyo amua watarajie nini. Chukua karatasi uandike: namsaidia nani, aweze kufanya nini, licha ya kikwazo gani.

Yangu inasema: "Namsaidia anayeshona nyumbani peke yake amalize nguo anayoweza kuivaa mbele za watu, hata kama hana fundi wa kumwuliza." Kila neno hapo linanifanyia kazi. "Nyumbani" linanikumbusha kwamba msomaji ana cherehani moja ya kawaida, hana mashine ya kupiga ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. "Amalize" lilinifumbua macho kuliko yote, maana ndipo nilipotambua kwamba wasomaji wangu wanajua kuanza. Kabati zao zimejaa nguo zisizo na pindo wala vifungo. Tangu hapo nusu ya makala zangu zinahusu pale watu wanapokwamia.

Jaribu ahadi yako hivi: mwonyeshe rafiki, umwombe akutajie mada moja ambayo hungeiandika kamwe. Akishindwa kuitaja, ahadi bado ni pana mno. Ipunguze. Inauma kuacha mada unazozipenda, lakini msomaji hawezi kukukumbuka kwa mambo kumi.

Hatua ya 2: Jenga kwenye kiwanja chako

Mitandao ya kijamii ni kama soko. Unakwenda kukutana na watu, unazungumza nao, kisha unarudi kwako. Anayelala sokoni siku moja atakuta soko limehamishwa. Google Reader, programu iliyowapa watu wengi makala mpya za waandishi waliowapenda, ilizimwa tarehe 1 Julai 2013. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, pamoja na makundi yaliyojengwa humo kwa miaka. Waandishi waliokuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu wao waliendelea. Wasiokuwa nayo walianza moja.

Kwa hiyo sajili jina la kikoa lako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti yako. Vikoa vinavyoishia na .com vinaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Ukiweza lipia miaka kadhaa, na uwashe malipo ya kujirudia ili kisije kikakuponyoka ukiwa safarini. Hakikisha usajili uko kwa jina lako na barua pepe yako, usiwe kwa jina la mtu aliyekutengenezea tovuti. Nimeona mwandishi mwenzangu akibembeleza miezi minne kurudishiwa jina lake mwenyewe.

Pili, kusanya anwani za barua pepe za wanaokubali kwa hiari kupokea makala zako, na kila mwezi pakua nakala ya orodha hiyo uihifadhi kwako. Hata huduma unayotumia ikifungwa, watu wako unao.

Kisha tumia jina lilelile, picha ileile ya uso na sentensi ileile ya ahadi kila unapoonekana. Hapo hapahitaji ubunifu.

Hatua ya 3: Weka akiba ya makala kumi

Kabla ya kumkaribisha yeyote, andika makala kumi, kila moja ikijibu swali ambalo mtu halisi amewahi kuliuliza. Mgeni akipenda moja, awe na ya pili ya kusoma palepale. Usisubiri ziwe ishirini.

Hatua ya 4: Tafuta watu wa kwanza mmoja mmoja

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokata tamaa kwa sababu haionekani kwenye takwimu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni nimeona chema kikikaa miaka bila mnunuzi kwa kuwa hakuna aliyekipeleka mlangoni kwa mtu.

Nenda wanakouliza watu wa fani yako, popote pale, na ujibu swali zima palepale. Usitoe nusu ya jibu ili mtu alazimike kukufuata kwako kwa nusu iliyobaki. Msomaji wangu wa kwanza wa kweli alikuwa mama aliyelalamika kwamba blauzi yake ya hariri inavutwa na sindano na mshono unajikunja. Nilimweleza abadilishe sindano aweke nyembamba, namba 60 au 70, apunguze mkazo wa uzi, na atandike karatasi laini chini ya kitambaa wakati wa kushona, aichane akimaliza. Sikumpa kiungo chochote. Siku tatu baadaye alirudi na picha ya blauzi. Nilimwomba ruhusa niandike makala kutokana na swali lake, akakubali, nikamshukuru kwenye mistari ya kwanza. Alileta rafiki zake watatu. Wawili kati yao bado wapo nami hadi leo.

Baada ya hapo nilinunua daftari. Kila aliyeniandikia alipata ukurasa: jina analotaka kuitwa, anashona nini, amekwama wapi, tulizungumza lini mara ya mwisho. Ukipenda tumia jedwali la kompyuta, ila andika. Mtu aliyekuambia mwezi Machi kwamba anamshonea binti yake gauni la mahafali, ukamwuliza mwezi Juni gauni lilitokaje, hatakusahau. Yaliyomo kwenye daftari ni amana, kwa hiyo usiyaonyeshe kwa mtu mwingine na usiandike humo siri ambazo hazihusiani na kazi yenu.

Nilijiwekea kanuni mbili. Kila ujumbe unajibiwa ndani ya saa 48, hata kama jibu ni "nimeupata, nitakujibu Jumamosi". Na sinakili jibu la zamani na kulibandika. Swali likijirudia mara tatu, naliandikia makala, kisha naituma pamoja na mistari miwili inayomhusu anayeuliza.

Utajiuliza utaweza hadi lini. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, alikadiria katika miaka ya 1990 kwamba mtu mmoja humudu uhusiano wa kufahamiana na watu wapatao 150. Wapo wanaobishia hesabu hiyo, lakini mimi nilianza kuwachanganya watu nilipokaribia ukurasa wa 130. Hapo ndipo ujue umefika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Wakutanishe wao kwa wao

Watu wanaokusoma wewe tu ni hadhira. Wanakuwa jumuiya siku wanapoanza kujibizana bila wewe.

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mtandao, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 ndio hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Nilipoijua hesabu hiyo niliacha kuwalaumu walio kimya. Msomaji aliyekaa kimya miaka miwili aliwahi kuniandikia kwamba ameshona nguo zote za harusi ya dada yake kwa kunisoma. Waheshimu walio kimya, huku ukiwapunguzia walio tayari gharama ya kusema.

Gharama hiyo hupunguzwa na namna ya kuuliza. "Mnaonaje?" haijawahi kuniletea kitu. "Sindano iliyo kwenye cherehani yako sasa hivi ni namba ngapi?" ilileta majibu mengi kuliko makala yoyote ya mwaka ule, kwa sababu hakuna anayeogopa kukosea. Wapo waliokwenda kuangalia, wakagundua hawajabadilisha sindano tangu waanze kushona, na mazungumzo yakaanza.

Mtu akiuliza jambo, jizuie kujibu kwanza. Tafuta kwenye daftari nani alikwama hapohapo mwezi uliopita akafanikiwa, umwite kwa jina amsaidie mwenzake. Subiri siku nzima kabla ya kuongeza neno lako. Ni vigumu kwa sisi tunaopenda kufundisha, lakini aliyemsaidia mwenzake mara moja hurudi.

Wape pia jambo la kutarajia pamoja. Sisi tuna siku ya viporo: Jumapili ya mwisho ya mwezi kila mtu huonyesha nguo aliyoiacha nusu na kusema imekwamia wapi. Neno lilitoka kwa msomaji, mimi sikulibuni. Maneno ya namna hiyo yakijitokeza kwenu, yadake na uyatumie.

Hatua ya 6: Weka sheria chache mapema

Zangu ni tatu: usimcheke anayeanza, usiuze bila ruhusa, usitoe picha ya mwenzako nje. Zitangaze mkiwa wachache, kwa sababu ukizileta siku ya ugomvi zitaonekana zimetungwa kumlenga mtu.

Anayekosea mwambie faraghani kwanza. Akirudia, mtoe, hata kama ana ujuzi mkubwa. Nilimvumilia fundi mmoja hodari aliyekuwa akikejeli mishono ya wanaoanza. Nilimwonya mara nne, na katika muda huo watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye daftari langu waliacha kuandika. Walirudi watatu tu. Hilo bado linaniuma.

Hatua ya 7: Pima mambo machache

Idadi ya waliofungua ukurasa hainiambii mengi. Hata idadi ya waliofungua barua pepe usiitegemee: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha za barua kabla mwenyewe hajazisoma, na mfumo wako ukahesabu kwamba barua imefunguliwa. Kila mwisho wa mwezi mimi nahesabu matatu: wangapi wameniandikia kwa mara ya kwanza, wangapi wamerudi baada ya mwezi wa kimya, na maswali mangapi yamejibiwa na mtu asiye mimi. La tatu likipanda, nalala vizuri.

Hatua ya 8: Wawekee uwazi wa fedha

Jina likikua, watakuja wenye bidhaa. Ukilipwa au ukipewa kitu, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza, usifiche chini. Kampuni moja ilinipa cherehani niisifie. Nilieleza kwamba ni ya kupewa, nikasifu ushonaji wake wa moja kwa moja, nikasema pia kwamba matundu ya vifungo inayapiga vibaya. Kampuni haikunitafuta tena. Wasomaji wanne waliokuwa karibu kuinunua waliniandikia kuuliza waangalie ipi, kwa sababu wao hushona mashati.

Hatua ya 9: Gawa funguo

Chagua watu wawili kutoka kwa wale wanaojibu wenzao bila kuombwa. Waombe, usiwateue tu, na uwape kazi yenye mipaka: mmoja akaribishe wageni, mwingine asimamie siku ya viporo. Wape uwezo wa kuondoa ujumbe mbaya bila kukusubiri. Nywila kuu na orodha ya anwani zibaki kwako, ila mtu mmoja unayemwamini ajue pa kuzipata ukipatwa na jambo.

Mwaka juzi niliugua nikakaa kimya wiki tisa. Siku za viporo mbili zilipita bila mimi. Niliporudi niliweka picha ya gauni langu la kitambaa chepesi nililolishindwa pindo kabla ya kulazwa. Aliyenijibu wa kwanza alikuwa mgeni aliyejiunga nikiwa kitandani, ambaye hakuwa na ukurasa kwenye daftari langu. Alinielekeza nishone mstari mmoja karibu na ukingo, nikunje juu ya mstari huo, nishone tena, nipunguze ziada kwa mkasi mdogo, kisha nikunje mara ya pili. Nililimaliza jioni ileile.