Jinsi ya Kupokelewa Vizuri Katika Fukwe za Kifahari za Mediterania

Anayetazama picha za Saint-Tropez ya Ufaransa, Capri ya Italia au Mykonos ya Ugiriki hudhani kwamba maisha yale yana mlango mmoja tu, nao ni mlango wa fedha. Fedha inahitajika, tena nyingi, lakini miji ile imejaa watu wenye fedha wanaokaa wiki nzima bila kuzungumza na mtu yeyote isipokuwa mhudumu wa hoteli. Wanaopokelewa, wanaoitwa kwa majina yao na kuvutiwa kiti mezani, ni wale wanaojua kila jambo hufanywa saa ngapi, na wanaoonekana mahali pale pale siku baada ya siku mpaka wenyeji wakawazoea. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwa mmoja wao.

Desturi ya kwenda huko wakati wa joto si ya kale kama inavyodhaniwa. Katika karne ya 19, matajiri wa Uingereza na Urusi walikwenda Nice na Cannes, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, kukimbia baridi ya kwao, na joto lilipoanza waliondoka na hoteli nyingi zikafungwa. Mwaka 1923 mume na mke kutoka Marekani, Gerald na Sara Murphy, waliushawishi uongozi wa Hôtel du Cap, huko Antibes, usiifunge hoteli katika miezi ya joto. Kila siku Gerald alishuka hadi ufukwe mdogo wa La Garoupe, akakwangua mwani uliorundikana mchangani ili marafiki zake wapate mahali pa kutandika mikeka. Wageni wao wakaufuata mtindo huo, na pwani nzima ikaufuata. Mfano huo mpaka leo haujapata mwingine ulio bora: ufukwe mmoja, marafiki wachache, na saa zinazojirudia.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni kuchagua makao mamoja. Anayezunguka miji mitano katika siku kumi hurudi na picha, wala harudi na rafiki hata mmoja, kwa sababu siku anapoanza kutambuliwa ndiyo siku anapofunga mizigo. Kwa anayekwenda mara ya kwanza nashauri Nice au Antibes, kwani reli inayofuata pwani kutoka Marseille hadi Ventimiglia, mpakani mwa Italia, inapita hapo. Kutoka Nice mtu hufika Monaco kwa muda usiozidi nusu saa, na Cannes kwa nusu saa au zaidi kidogo, akala chakula cha jioni na wenzake kisha akarudi kulala bila kuwaza mahali pa kuegesha gari. Saint-Tropez haina kituo cha treni. Kituo kinachowafaa wengi ni Saint-Raphaël, na kwa kuwa barabara ya kuingia mjini husongamana mno mwezi wa Julai na Agosti, boti ya abiria inayotoka Saint-Raphaël huwa njia ya busara zaidi.

Ukichagua Capri, lala kisiwani. Mchana kisiwa hufurika wageni wanaoletwa na vivuko kutoka Napoli na Sorrento, na mtu husukumana nao tangu gati la Marina Grande hadi juu mjini. Vivuko vya mwisho vikishaondoka, uwanja mdogo wanaouita Piazzetta hubaki kwa waliolala hapo, meza za mikahawa hupangwa upya, na watu waliokuwa wamejificha majumbani hushuka wakiwa wameoga na kuvaa vizuri. Saa hiyo ndiyo Capri inayosimuliwa, na anayerudi bara na boti ya jioni hajaiona. Mykonos nayo ina upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao hupiga kwa nguvu mwezi wa Julai na Agosti kiasi cha kuchelewesha vivuko. Anayealikwa huko na aulize kwanza ufukwe husika uko upande gani wa kisiwa, kwa kuwa ule wa kusini mara nyingi hutulia wakati wa kaskazini mchanga unarushwa machoni. Huko Hispania, kisiwa cha Ibiza huwafaa wanaopenda usiku kuliko mchana, na mji wa Marbella huwafaa wanaopenda bandari yenye boti kubwa na chakula kinachochelewa.

Kuhusu mwezi, ningechagua Juni au nusu ya kwanza ya Septemba. Mwezi Agosti bei hupanda, na karibu na tarehe 15 Waitaliano husherehekea Ferragosto na Wagiriki sikukuu ya Bikira Maria, kiasi kwamba hata mwavuli mmoja wa ufukweni hupatikana kwa shida. Septemba bahari bado ni ya uvuguvugu kwa sababu imekusanya joto la miezi mitatu, na wenye mikahawa wana nafasi ya kuketi na kuzungumza na mgeni. Anayependa shughuli za pamoja atazame Julai, ambapo tamasha la muziki wa jazi la Juan-les-Pins, lililoanza mwaka 1960, hupigwa chini ya misonobari mita chache kutoka majini, na Cannes hurusha fataki za mashindano juu ya ghuba.

Hati za safari zisiachwe hadi mwisho. Ufaransa, Italia, Hispania, Ugiriki na Kroatia ziko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, ambako viza ya muda mfupi humruhusu mgeni kukaa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Uturuki haimo, hivyo anayetaka kuvuka hadi Bodrum ahakikishe masharti ya kuingia huko, na kwamba viza yake ya Schengen inamruhusu kurudi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Asubuhi ni ya wenyeji. Mzee anayeogelea saa mbili asubuhi pale chini ya Promenade des Anglais, barabara ya pwani ya Nice, akirudi na taulo begani, huenda ni yule yule aliyepanga meza ya watu kumi jioni iliyopita, na ni rahisi zaidi kumsalimu wakati huo kuliko saa tatu usiku akiwa amezungukwa. Ufukwe wa Nice ni wa kokoto, basi viatu vya mpira vya kuingilia majini ni lazima. Chakula cha mchana Ufaransa na Italia huanza saa saba au saa nane, na kwenye mikahawa ya ufukweni huendelea mpaka saa kumi bila mtu kuonekana mvivu. Hispania huanza saa nane na kuchelewa zaidi. Baada ya hapo watu hupotea. Usimpigie mtu simu wala kumtembelea kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kwa kuwa analala au anataka aachwe. Saa kumi na mbili au saa moja jioni huja kinywaji cha kabla ya chakula, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa muhimu kuliko zote. Ni fupi, haina gharama kubwa, na mtu anaweza kumkaribisha mtu aliyekutana naye asubuhi bila kumfunga kwa jioni nzima. Asiyekunywa pombe aagize maji yenye gesi na limau, na hatasumbuliwa. Chakula cha usiku hufuata saa mbili na nusu au saa tatu, na Hispania saa nne.

Ufukwe wenyewe una taratibu zake. Kwa sheria ya Ufaransa ufukwe ni mali ya umma, na katika fukwe za asili angalau asilimia 80 ya eneo lazima ibaki wazi kwa watu wote, hivyo aliyeketi kwenye taulo lake mwenyewe na aliyelipia kitanda cha kulalia wanaoga bahari moja. Sehemu za kulipia hukodishwa kwa siku au nusu siku. Huko Pampelonne, ufukwe wa karibu kilomita 5 ulioko Ramatuelle nje ya Saint-Tropez, hupaswi kufika kwenye sehemu hizo bila kuweka nafasi katika miezi ya joto. Unapopiga simu, taja meza ya chakula na vitanda kwa pamoja, kwa maana hupangwa na watu tofauti, na anayetaja kimoja hujikuta ana pa kulala bila pa kula. Ukifika, simama mlangoni ungoje. Anakuja kijana aliyebeba taulo mbili mkononi, anauliza jina, anatembea mbele yako juu ya mbao zilizotandazwa mchangani, anafungua mwavuli, anauinamisha kufuata jua, kisha anatandika taulo na kukunja ncha zake chini ya godoro. Msalimu, mwulize jina lake, na umpe bakshishi siku ya kwanza badala ya ya mwisho. Kesho yake utapewa mstari wa mbele ikiwa upo wazi, na kesho kutwa atakutambulisha kwa jirani wa mwavuli wa pili. Urafiki mwingi wa pwani ile umeanza kwa kijana wa miavuli.

Mavazi yafuate mahali. Nguo za kuogelea ni za mchangani, na anayepanda ngazi kuingia mjini lazima ajifunike. Sorrento iliweka mwaka 2022 faini ya hadi yuro 500 kwa wanaotembea mitaani na nguo za kuogelea, na miji mingine ina amri zinazofanana. Kitani ndicho kitambaa cha mchana, kwa kuwa huruhusu hewa na hata kikikunjamana hakionekani kichafu. Jioni wanaume huvaa suruali ndefu na shati safi, wanawake gauni jepesi au kanga nzuri iliyofungwa kwa ustadi, na viatu viwe vya kisigino kifupi, kwa sababu mitaa ya Capri na Mykonos ni ya mawe. Mapambo machache huheshimiwa kuliko mengi.

Salamu ndizo ufunguo. Ufaransa, anayeomba kitu bila kutanguliza “bonjour” ametukana, hata kama sentensi iliyofuata imejaa adabu. Italia ni “buongiorno”, na tangu alasiri “buonasera”. Ugiriki ni “kalimera” asubuhi na “kalispera” jioni. Katika mkutano wa kwanza, kupeana mkono hutosha. Busu la shavuni, ambalo Nice kwa kawaida ni mara mbili, mwachie mwenyeji alianze. Wakati wa kugonganisha glasi mtazame mwenzako machoni. Usimwulize mtu mshahara wake wala kazi yake katika dakika za kwanza. Mwulize anapoogelea, anaponunua samaki, alianza kuja lini, kisha umwache azungumze.

Ukialikwa nyumbani kwa chakula nchini Ufaransa, fika dakika kumi au kumi na tano baada ya saa iliyotajwa, ili mwenyeji amalize maandalizi yake, na ubebe maua au peremende nzuri. Ukialikwa kulala, taja siku ya kuondoka kabla hujafika. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe la nyumba ya ufukweni ni kwenda sokoni: Saint-Tropez soko la Place des Lices huwa Jumanne na Jumamosi asubuhi, na anayerudi na matikiti, jibini na maua kwa kikapu chake mwenyewe hualikwa tena.

Boti ina sheria ya pekee. Mbele ya ngazi ya kupandia huwekwa kikapu cha viatu, nawe huvua vyako bila kuambiwa, kwa kuwa sitaha ni ya mbao inayochubuka na kuingia madoa. Usipande mpaka umekaribishwa, hata ngazi ikiwa wazi. Beba mfuko laini badala ya sanduku gumu, epuka mafuta ya jua yanayoacha alama kwenye matakia, na umshukuru nahodha na mabaharia kama unavyomshukuru mwenye chombo.

Kuhusu malipo, bili ya Ufaransa tayari ina huduma ndani yake, kwa hiyo bakshishi ni hiari, na Italia mara nyingi huongeza ada ndogo ya meza iitwayo “coperto”. Aliyealika ndiye hulipa. Wewe ulipe kinywaji cha kesho, na usivute karatasi ya bili mbele ya watu.

Usiku, vilabu vya Ibiza huchangamka baada ya saa saba usiku, na anayefika saa nne hukuta ukumbi mtupu. Kasino ya Monte-Carlo, iliyofunguliwa mwaka 1863, humtaka mgeni awe na umri wa miaka 18, kitambulisho na mavazi ya heshima, na raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo. Nenda ukaone dari na michoro, weka kiasi ulichoamua kupoteza, kisha toka uketi nje na wenzako.

Siku mbili kabla ya kuondoka, waandikie kwa mkono wote waliokukaribisha, ukitaja chakula au mazungumzo mahususi unayoyakumbuka. Asubuhi ya mwisho shuka ufukweni mapema, umtafute kijana wa miavuli kabla hajaanza kutandika, na umwombe akuandikie nafasi ile ile, mwezi ule ule, mwaka ujao.