Namna ya kupata taarifa za kuaminika kuhusu kisukari mtandaoni

Mtu akishaambiwa kwamba ana kisukari, siku hizi hukimbilia simu, na mara nyingi majibu yanayotangulia ni ya wauza dawa. Badala ya kuandika "dawa ya kisukari", andika aina uliyoambiwa na jambo mahususi unalotaka kulijua, kama "kisukari aina ya 2 na vidonda vya miguu", kisha uyaruke matokeo yaliyowekewa alama ya tangazo.

Kabla ya kusoma, tazama anwani ya tovuti. Anwani za serikali ya Tanzania huishia na go.tz, za Kenya go.ke, na Shirika la Afya Duniani hutumia who.int. MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, haipokei matangazo na ina baadhi ya maelezo kwa Kiswahili. Angalia pia tarehe ambayo maelezo yalipitiwa mara ya mwisho.

Jambo linalowapoteza wengi ni vipimo. Kurasa za Marekani huandika sukari kwa miligramu kwa desilita, ilhali mashine nyingi za kwetu hutumia milimoli kwa lita. Anayesoma kwamba sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifikia 126 ni dalili ya kisukari, huku mashine yake ikionyesha 9, anaweza kudhani yu salama kabisa, kumbe 126 hiyo ukiigawa kwa 18 unapata milimoli 7, na 9 yake imeshapita hapo. Hakikisha kipimo kilichoandikwa kabla ya kulinganisha.

Ukitumiwa ujumbe kwamba majani ya mlonge yanamaliza kisukari, uliza yalijaribiwa kwa nani: kwa panya, kwa watu wachache, au katika tafiti nyingi zilizochambuliwa kwa pamoja, kama wafanyavyo Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya? Ushuhuda wa jirani aliyepona, hata akiwa mkweli, hauwezi kujibu swali hilo. Dawa inayouzwa ihakikishe katika orodha ya dawa zilizosajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, nchini Tanzania, au na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Mwenye kisukari aina ya 1 nakusihi usiache insulini kwa sababu ya ulichokisoma popote, kwani kuikosa hata kwa siku chache kunaweza kuua.

Hifadhi ukurasa uliokutia shaka, na siku ya kliniki umwonyeshe daktari au muuguzi pamoja na daftari lako la vipimo.